Mkate wa Kasyoka

Uvumi ulimkuta Kathini akiwa ameinama kwenye kinu cha posho cha soko la Kyanzou, anakusanya unga wake kwa kiganja ili usibaki hata kidogo. Injini ilikuwa ikinguruma na watu wanazungumza kwa kupayuka, ndiyo maana maneno yale yalimfikia yote, hakuna lililoanguka njiani.

"Mmesikia? Itumbani wameuza maji yao kwa mkono wa maiti."

"Maiti gani tena, wewe?"

"Si kuna marehemu alihudhuria ule mkutano wa kaunti wa Machi. Akaandika jina, akaweka nambari ya kitambulisho, akatia sahihi. Akakubali kisima kiende Mwanyani. Halafu akarudi mochari kulala."

Watu walicheka. Mwenye kinu alicheka mpaka akapiga chafya ya unga. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema, "Na huyo marehemu alikunywa soda gani? Ya machungwa?" Wakacheka tena.

Kathini alifunga mfuko wake kwa kamba, akajitwika, akatoka. Alikuwa ameshapita kwa wachinja mbuzi alipokumbuka kwamba ameacha ungo wake kwenye kinu. Hakurudi kuuchukua. Alitembea akiangalia vidole vyake vya miguu, kwa sababu katika soko lote la Kyanzou, pengine katika wadi nzima, kwa alivyodhani, yeye peke yake ndiye aliyejua marehemu yule alitia sahihi kwa mkono wa nani.

Ulikuwa mkono wake.

Huku kaskazini mwa Kitui, ukipita Tseikuru na kuendelea mpaka mbuzi wawe wengi kuliko watu, maji hayatoki kwa bomba. Yanachimbwa. Mto ukikauka, watu wanashuka mchangani na sepetu, wanachimba shimo, wanangoja maji yachuje polepole kama machozi ya mtu asiyetaka kulia. Mwezi wa tano shimo linakufika kiunoni. Mwezi wa nane mtu akiwa ndani humwoni, unaona tu kibuyu kinachopanda na kushuka. Kwa hiyo kaunti ilipotangaza kwamba imetenga kisima kimoja cha kuchimbwa kwa mtambo, na kwamba wananchi wenyewe watasema kikae wapi, Kathini alikwenda. Alikwenda asubuhi, na kitambaa kipya kichwani.

Mkutano ulifanyika kanisani. Msimamizi wa wadi, Bwana Mutiso, aliongea sana. Watu wa Itumbani waliokuwepo walisema kisima kichimbwe karibu na shule yao ya msingi, na hakuna aliyepinga, kwa sababu watu wa Mwanyani, kijiji jirani, siku hiyo walikuwa wachache. Kisha ikapitishwa karatasi. Juu ilikuwa tupu. Chini ilikuwa na mistari ya jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi.

Na hapo ndipo Kathini alipofanya jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa, lakini mwanamke yeyote wa mwethya atalielewa.

Katika mwethya, wanawake wanalimiana kwa zamu. Leo wanachimba matuta kwa huyu, Alhamisi ijayo kwa yule. Karani anasoma majina kabla jembe la kwanza halijashuka. Asiyeitika anatozwa faini ya kuku. Sasa mtu akiwa mgonjwa, au amekwenda kumzika shangazi yake, jirani anamwitikia. "Kasyoka?" "Yuko!" Kila mtu anajua hayuko, karani mwenyewe anajua, lakini jina limeitikiwa na kuku amepona. Huo si uongo kwao. Ni ujirani. Wamama wa huku wamekua nayo kama walivyokua na kiondo.

Kathini aliona mistari ya Itumbani, kijiji chake, ni michache. Alikuwa na nakala za vitambulisho vya wenzake ndani ya mfuko, maana yeye ndiye mweka hazina na alikuwa anazipeleka kusajili kikundi. Akawaitikia. Akaandika jina lake, kisha majina ya wenzake watano, la Kasyoka likiwa la mwisho. Kasyoka alikuwa amelazwa hospitalini mjini, lakini angekuwa mzima angekuja mbele ya wote. Kila jina lilipewa nusu mkate, hivyo Kathini akapokea soda moja na nusu sita. Jioni akapitia kwa Kasyoka kuacha nusu yake, akakuta watu wamekaa nje kimya. Simu ya kwao inashika juu ya kichuguu tu. Habari ilikuwa imefika mchana: Kasyoka alifariki tangu jana yake.

Hakujua afanye nini na ule mkate. Akamwachia mtoto aliyekuwa mlangoni.

*

"Nyamaza tu," Nzomo alisema.

Nzomo ni mume wa Kathini. Alikuwa anamkamua mbuzi, kichwa kimeegemea ubavu wa mnyama, na hakugeuka.

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka wachoke. Uvumi ni kama mbwa wa soko, usipoutupia kitu utaenda kwa mwingine."

"Baba Wavinya, wanasema karatasi ndiyo imepeleka maji Mwanyani. Karatasi ambayo mimi nimeandika."

"Uliandika Mwanyani?"

"Niliandika majina tu."

"Basi. Wewe uliandika majina. Nani atajua ni wewe?" Akanyanyua kikombe, akatazama maziwa yaliyofunika kidole kimoja tu. "Lakini ukienda huko na mdomo wako, watakuuliza kwa nini uliandika jina la mtu mwingine. Hiyo ni kesi. Watu wamefungwa kwa sahihi, Kathini. Mimi sitauza mbuzi kukutoa kituoni."

"Hata mmoja?"

"Usinifanyie mzaha."

Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anataka kujua.

Siku ya pili akaaga kwamba anafuata ungo wake sokoni. Ungo aliukuta, mwenye kinu ameukalia. Akautwaa, akapita nao mpaka ofisi ya wadi, kwa sababu mtu mwenye ungo mkononi haonekani kama mtu aliyekuja kuuliza maswali.

Msichana wa mapokezi alikuwa anakula karanga. "Mama, shida gani?"

"Nataka kuona ile karatasi ya mkutano wa kisima."

"Kwani wewe ni nani?"

"Ni mwananchi."

Yule msichana akamtazama kuanzia kandambili hadi kitambaa. "Mwananchi ako na kikundi ama ako na barua?"

"Ako na macho tu."

"Basi keti hapo, Bwana Mutiso akija utamwambia hiyo ya macho."

Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu. Saa sita msichana akafunga mlango akaenda kula. Saa nane akarudi, akashangaa, "Aiai, bado uko?" Bwana Mutiso hakuja. Lakini Kathini, akiwa pale nje peke yake, alikuwa ameona kwamba kuna ubao, na kwenye ubao, chini ya tangazo la chanjo ya mbuzi, kuna karatasi nne zilizobanwa pamoja.

Alifika darasa la saba. Anasoma, lakini polepole, kidole kikitangulia. Ukurasa wa kwanza ulipigwa chapa: *Wakazi wa Itumbani na Mwanyani waliohudhuria walikubaliana kwa kauli moja kwamba kisima kichimbwe Mwanyani. Majina na sahihi zao zimeambatanishwa.* Akafunua. Ile karatasi ilikuwa pale. Pale juu palipokuwa patupu palikuwa na maneno sasa. Na chini, majina sita mfululizo, yote kwa kalamu moja inayovuja, na ile herufi K yake yenye mkia mrefu ambayo mwalimu aliwahi kumchapia.

Alijaribu kujifariji kwamba hakuna atakayeitambua. Kisha akaona mtu amepiga duara kwa kalamu nyekundu kuzunguka jina la Kasyoka, na pembeni ameandika: *Mungu anakuona.*

*

Duka la Filsan liko mkabala na ofisi ya wadi. Familia yake ilitoka upande wa Garissa zamani, baba yake aliuza ngamia. Yeye anauza sukari, betri na vocha, na ana mashine ya kutoa nakala inayolia kama bata. Kathini aliingia kununua chumvi. Alinunua, akabaki amesimama.

"Umeiona," Filsan alisema.

"Nini?"

"Mama Wavinya, mimi ndiye nilitoa nakala za hizo karatasi. Ile mkia ya K naijua. Si umenisaini kwa daftari ya deni miaka sita?"

Kathini akashika kaunta. "Umemwambia nani?"

"Wallahi, mtu hata mmoja. Kazi ya watu naipiga nakala, siipigi domo." Akamvutia kiti cha kreti. "Keti. Sasa nisikize. Jumanne ijayo kamati ya bunge la kaunti inakuja hapo kanisani kusikia wananchi, kabla bajeti ifungwe. Wamebandika tangazo lakini wamelibandika chini ya lile la mbuzi, ndio msilione. Ukisimama useme jina moja ni la mtu aliyekuwa amekufa, ile karatasi yote inaoza. Yai moja likinuka, nani anakula chapati?"

"Na mimi je?"

Filsan alipanga vocha zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Wewe utaumia," alisema. "Siwezi kukudanganya. Lakini mimi kama Mwislamu mgeni hapa, nikisimama mimi wataniuliza natafuta nini na maji ya Wakamba. Nilishaulizwa hiyo. Hii ni ya kwenu."

Kathini akarudi nyumbani na chumvi na ungo, na akaamua kunyamaza. Hilo lazima lisemwe. Aliamua kunyamaza. Njiani alihesabu sababu zake na zilikuwa nzuri: mume hataki, kesi ni kesi, na kusema hakumfufui mtu. Alipofika karibu na mto sababu zote zilikuwa zimepangika kama kuni.

Kisha akasikia wanawake wanapiga mayowe kule chini.

Shimo la Itumbani lilikuwa limefikia kifua cha mtu mzima. Wavinya, binti yake wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameingia kuteka. Ukingo wa upande wa juu, ambao mbuzi walikuwa wameukanyaga asubuhi, ulikatika. Kathini alipofika, wanawake wanne walikuwa wanachimba kwa mikono kama mbwa, na katikati ya mchanga kulikuwa na kichwa. Kichwa tu, na mdomo umefungwa kabisa, na macho yamefunguliwa kabisa.

Walimtoa. Alikuwa hana hata jeraha. Alikohoa mchanga, akatoa mchanga masikioni kwa kidole, kisha kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Mama, mtungi umebaki ndani."

"Achana na mtungi."

"Ule wa njano. Ndio mzuri."

"Nimesema achana nao!" Akampiga kofi, kisha akamshika akamkumbatia kwa nguvu, na wanawake wakageuza nyuso zao pembeni, wakijifanya wanatafuta mtungi.

*

Muindi, mume wa marehemu, alikuwa anarekebisha uzio wa miiba kuzunguka kaburi la mkewe ili mbuzi wasipande. Kathini alisimama umbali wa adabu akapiga hodi. Hakukaribishwa kiti.

"Shemeji, nimekuja na neno."

"Sema. Sikio halina mlango."

Akamweleza. Hakuficha kitu. Alieleza karatasi, nakala za vitambulisho, majina matano. Muindi aliendelea kuvuta matawi ya miiba, anayakanyaga kwa kiatu cha tairi, anayasuka. Alipomaliza kusikiliza alisema:

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Mimi nimekaa siku nyingi najiuliza ni adui gani. Nimewashuku watu wa Mwanyani. Nimemshuku hata ndugu yangu. Juzi nilienda kwa ubao na kalamu nyekundu." Akacheka kidogo, si kicheko kizuri. "Kumbe ni rafiki."

"Sikujua amekwisha kufa. Naapa."

"Ungejua usingeandika?"

"Singeandika."

"Lakini akiwa mgonjwa kitandani, hajui kuna mkutano, hajui kuna kisima, huyo unamwandika. Huyo hana haja ya kuulizwa." Akainuka, mgongo ukalia. "Na ule mkate. Unajua nani aliula?"

Kathini alitikisa kichwa.

"Mimi. Siku ile sikuwa nimetia kitu tumboni. Mtoto akaniletea nusu mkate, akasema ni wa mama, umetoka mkutanoni. Nikaona, aa, hata akiwa amekufa mke wangu ananilisha. Nikalia nikiula." Akatema pembeni. "Sasa nakuta nilikula bei ya maji."

Mbuzi mmoja alikuja akanusa miiba, akaondoka. Kathini alitaka kupiga magoti lakini aliona itakuwa kama kuomba jambo lingine juu ya lile alilokuja kuomba.

"Nataka kusema mbele ya watu, Jumanne," akasema. "Lakini nitalazimika kutaja jina lake. Siwezi kulitaja bila wewe kujua."

"Mara hii umekuja kuuliza."

"Ndiyo, shemeji."

Muindi alichomoa mwiba kidoleni. "Enda useme. Sitakuombea, na sitakushtaki. Nitakuja kukaa nyuma nikusikize."

*

Siku ya Jumanne kanisa lilijaa. Safari hii Mwanyani walikuja kwa lori, wamevaa fulana za rangi moja ambazo hakuna aliyesema zimetoka wapi. Mbele walikaa watu watatu wa kamati, katikati yao mama mnene mwenye miwani, mwenyekiti. Bwana Mutiso alikuwa pembeni na faili.

Nzomo hakuja. Asubuhi hiyo aliondoka na mbuzi kabla ya chai.

Watu wa Mwanyani walizungumza kwanza, mmoja baada ya mwingine, wakishukuru kaunti kwa kusikiliza sauti ya wananchi. Kathini alinyanyua mkono. Hakuonekana. Akanyanyua tena. Mara ya tatu alisimama bila kuitwa.

"Mama, jina?" mwenyekiti akauliza.

"Kathini wa Nzomo, Itumbani." Sauti ilitoka nyembamba. "Mimi nimekuja kusema ile karatasi ya Machi si ya kweli. Sisi hatukukubali Mwanyani. Juu ya majina palikuwa patupu, maneno yamewekwa nyuma yetu."

"Uongo!" mtu akapaza sauti.

Bwana Mutiso alisimama taratibu, kama mtu anayetaka kumsaidia mtoto. "Mheshimiwa mwenyekiti, karatasi ina sahihi arobaini na saba. Huyu mama alitia sahihi yake. Leo amebadilisha mawazo, ni haki yake, lakini..."

"Mbili," Kathini alisema. "Hapana. Sita. Nilitia sita."

Watu wa mbele waligeuka kumtazama.

"Niliandika majina ya wenzangu watano ambao hawakuwepo. Niliwaitikia, vile tunaitikiana kwa mwethya. Na mmoja wao ni Kasyoka wa Muindi, na Kasyoka alikuwa amekufa tangu jana yake."

Kelele iliyofuata haikuwa na maneno. Bwana Mutiso aliingoja ipungue. Hakuonekana tena kama mtu anayesaidia mtoto.

"Kwa hivyo umeghushi sahihi."

"Nimeandika."

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

"Mkate ulipokea?"

"Nilipokea."

"Mingapi?"

Alijua atauliza. Alikuwa amelijibu swali hilo kichwani tangu Jumapili na bado lilimchoma. "Nusu sita."

"Sita!" Lile lori zima likaangua kicheko. "Mama wa mikate!" kijana mmoja akaita, na wengine wakaitikia kama wimbo. Hata watu wa Itumbani wengine walicheka, wakiziba midomo kwa mikono.

Mwenyekiti aligonga meza. "Hao wengine wanne wako hapa?"

Kathini hakugeuka. Alisikia benchi likilia nyuma yake. Mmoja akasimama. Kisha mwingine. "Hatukuwepo," wakasema. Wawili wengine, na aliwajua mahali walipokaa kwa sababu walikuja naye, walibaki wakiangalia sakafu.

"Na huyo marehemu? Nani atathibitisha tarehe?"

Dirishani mtoto alikuwa anagonga chuma. Kisha kule nyuma kabisa, karibu na mlango, Muindi alianza kutembea. Alipita katikati ya watu bila kuharakisha, akatoa kwenye mfuko wa koti karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani. Ilikuwa kibali cha mazishi. Hakumtazama Kathini. Akarudi alikotoka, akaketi.

Mwenyekiti alisoma kibali, akasoma ripoti, akavua miwani, akaifuta. Alizungumza na wenzake kwa sauti ya chini muda mrefu.

"Karatasi hii siwezi kuipeleka mbele ya bunge la kaunti," alisema mwishowe. "Imekataliwa."

Itumbani walianza kupiga vigelegele. Akainua mkono.

"Sijamaliza. Karatasi ikianguka, na uamuzi umeanguka. Siwezi kusema kisima ni cha Itumbani, kwa sababu hakuna karatasi inayosema hivyo pia. Fedha zitafungwa. Mkutano mpya utaitwa Septemba, na kila mtu aje yeye mwenyewe na kitambulisho chake. Bwana Mutiso, wewe utaeleza kamati ni nani aliandika hayo maneno ya juu. Na wewe mama, utaandikisha taarifa kwa chifu."

"Septemba?" mtu akauliza. "Mheshimiwa, mpaka Septemba tutakunywa nini?"

Mwenyekiti alivaa miwani. Hilo halikuwa kwenye faili.

Nje, mwanamke mmoja wa Mwanyani, mtu mzima wa umri wake, alimzibia Kathini njia. Fulana ile mpya ilikuwa imembana mabegani.

"Umefurahi? Sasa hatuna sisi, hamna nyinyi."

"Sijafurahi, mwaitu." Alimwita mama, ingawa walikuwa rika.

"Binti yangu pia anashuka mtoni." Akamtazama mpaka macho ya Kathini yakashuka, kisha akaenda kupanda lori.

*

Kwa chifu aliandikisha taarifa, akaweka kidole kwenye wino ingawa anajua kuandika. Aliambiwa ataitwa. Bado hajaitwa, na kila pikipiki inayopunguza mwendo karibu na boma lao inamkausha mate. Nzomo anaongea naye mambo ya mbuzi peke yake. Bwana Mutiso yupo ofisini mwake. Wengine wanasema atahamishwa, wengine wanasema amepandishwa cheo.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Kathini kuchimbiwa matuta. Alipika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ya watu kumi na watatu akiwa hajui kama watakuja wote au hatakuja mtu. Aliweka sufuria chini, akafunika, akangoja.

Walikuja kumi na mmoja. Hawakuwa na nyimbo. Walisimama kwenye mstari wa kamba na majembe yao. Ndululu, karani wa mwethya na mwanamume pekee kati yao, akafungua daftari. Alisoma majina, na wenyewe wakaitika. Alipofika kwa mmoja wa wale wawili waliobaki wameketi kanisani, jirani yake alifungua mdomo, akaufunga. Ndululu akaandika faini. Vivyo hivyo kwa wa pili.

Kisha, kwa mazoea, kwa sababu alikuwa bado hajalikata, akasoma: "Kasyoka?"

Kwa miaka tisa, hata baada ya kifo chake, jina hilo lilikuwa halijawahi kukosa sauti. Sasa walisikia njiwa, na punda wa mtu kule ng'ambo. Kathini alihisi neno limepanda lenyewe hadi kooni, *yuko*, akalimeza. Ndululu alitoa rula, akapiga mstari.

"Kathini?"

Hakuna aliyemwitikia.

"Niko," akasema.

Majembe yakashuka.

Mchana, walipokuwa wanakula, alimwomba Ndululu daftari. Alifungua ukurasa wa nyuma kabisa na akaandika polepole, kidole kikitangulia. Akamwomba asome kwa sauti kila Alhamisi hadi Septemba. Ndululu alisema mwandiko ni mbaya lakini atasoma. Yameandikwa hivi:

*Mambo ya kuepuka.*

*Usitie sahihi karatasi ambayo juu ni tupu. Hata ikiwa ya kanisa.*

*Usimpe mtu nakala ya kitambulisho chako aende nayo mkutanoni. Hata mimi.*

*Usile mkate kabla hujauliza umeandika nini.*

*Usikose mkutano kwa sababu ya mifugo. Acha mtu mmoja na mbuzi, wengine muende.*

*Usipite ubao wa ofisi bila kufunua karatasi ya chini.*

*Usiseme "hayo ni ya wakubwa." Shimo ni la watoto wetu.*

*Usimwache mtoto ashuke shimoni kama hakuna mtu mzima juu.*

*Usimwitikie jirani yako. Nenda umwite.*